Mahari kwenye Bega la Mpingo

Redio yangu ina tabia ya kukoroma pale habari inapoanza kuwa tamu, lakini asubuhi ile ilitamka kila kitu vizuri. Wahudumu wa afya watapiga hema uwanja wa ofisi ya serikali ya mtaa hapa Madale, wachanje watu chanjo ya korona, na waliokwishachanja wapewe busta. Nikawahi kupunguza sauti, ila kijiwe kilikuwa kimeshasikia, na kijiwe kikishasikia jambo kahawa hupoa vikombeni.

Naitwa Anwar. Nauza kahawa na kashata mteremkoni, mkabala na genge la Hamisa la nyanya na mchicha. Wapita njia wanaonunua ni wengi, ila wenye benchi ni watatu. Wa kwanza ni Hija, fundi vitanda, tunamwita Chaga, kama zile mbao za kulazia godoro. Wa pili ni Albano, Mmakonde mchonga vinyago, tunamwita Mpingo kwa sababu haongei ovyo na ukimgonga unaumia wewe. Wa tatu ni Gregori. Huyu alilinda geti la hospitali miaka mingi, akaamini kwamba kila daktari aliyepita pale na gari lake alimwachia elimu kidogo. Tunamwita Dokta Geti, naye haoni kama ni dhihaka.

"Busta ya nini tena?" Chaga alianza. "Kama ya kwanza inafanya kazi, ya pili ya nini? Mie nikikuuzia kitanda, nakujaga tena mwakani kukuongezea misumari?"

"Ungekuja tungeshukuru," Dokta Geti alimjibu. "Cha kwangu nimekiwekea matofali pande zote. Mke wangu akigeuka, nyumba nzima inajua."

Basi kila mtu akatoa yake. Mie nikawaeleza kuwa nilipochanjwa mkono wa kulia ulikuwa mzito, nikawa namimina kahawa kwa mkono wa kushoto, na ustadhi mmoja akaondoka na kanzu yenye ramani ya Afrika mapajani. Dokta Geti akasema yeye usiku ule homa ilimpanda hadi akaita watoto akawagawia urithi. Mkubwa alipewa televisheni. Asubuhi baba kaamka mzima, anataka taarifa ya habari, mtoto anamwambia marehemu hadai mali. Mpaka leo anaomba ruhusa kuangalia mpira.

Chaga hakucheka. Alichomoa msumari mfukoni, akaniomba mkono, akaubandika pale begani nilipochanjwa. Ukanata. Akatutazama wote, mmoja mmoja, kama hakimu aliyemaliza kesi.

"Sumaku hiyo," alisema. "Mmetiwa machipu, mnafuatiliwa huko mbele kwa mbele."

"Hiyo ni sukari ya kashata," nilimwambia. "Natoka kuzikata sasa hivi, na mikono nimejifutia begani."

"Na ningekuwa na chipu," Dokta Geti akadakia, "ningekuwa napanda juu ya tangi la maji kutafuta mtandao kila nikitaka kupiga simu? Mie nipo hapa nafuatiliwa na nani? Hata shemeji yangu hanifuatilii."

Tukacheka, malori ya saruji ya Wazo yakapita, tukafunika vikombe na viganja kama kawaida. Ila sote tulijua kuwa ishu ya Chaga si misumari wala chipu. Chaga ni mgane. Mkewe alifariki zamani, na tangu mwaka jana jicho lake limehamia genge la Hamisa hapo mkabala. Mtu asiye na meno ya kutosha kula kachumbari alikuwa ananunua vitunguu kila asubuhi. Mwishowe akamtuma Mpingo kuwa mshenga, apeleke posa kwa Bi Raudha, shangazi yake Hamisa aliyemlea.

Posa ilikubaliwa. Tatizo likawa mahari. Kwetu sisi mahari ni haki ya mwanamke, anataja anachotaka, awe anataka msahafu au cherehani. Hamisa hakutaka pesa, hakutaka kitanda, na kitanda cha Chaga nani angekitaka. Mpingo alirudi na ujumbe mfupi: mahari yake ni chanjo ya korona. Mume akishachanjwa, ndoa Ijumaa.

Tangu siku hiyo Chaga amekonda. Nampenda mzee huyu, lakini ukaidi wake unanichosha. Kinyozi wake alimwambia sindano ile inaondoa nguvu za kiume, na yeye maneno ya kinyozi anayashika kuliko hotuba ya Ijumaa.

"Nyie mnacheka," alisema, sauti imeshuka. "Nimekaa peke yangu miaka yote hii. Leo nimepata mtu, halafu niingie kwenye nyumba mpya nimekatiwa umeme? Nitamwambia nini yule mama?"

"Braza, mie nilichanjwa," Dokta Geti akasema, "na mwaka uliofuata mke wangu akajifungua mapacha. Unataka ushahidi gani?"

Chaga akafikiri. "Mapacha wale umewaangalia vizuri?"

Dokta Geti akaweka kikombe chini taratibu. Ilibidi Mpingo ahamie katikati ya benchi, na mie nigawe kashata za bure ambazo hakuna aliyeniomba.

Walipotulia, Dokta Geti, badala ya kununa, akapata wazo. Hapo ndipo iliponipasa kuzima jiko niondoke. Lakini ukikaa na watu hawa muda mrefu, akili inaazimwa bila kurudishwa.

"Chaga, mahari ya marehemu mkeo alilipa nani?"

"Mjomba wangu, Mungu amrehemu."

"Na mke alikuwa wa nani?"

"Wangu. Mara hii umeanza tena?"

"Tulia. Mahari ikishafika imefika. Haiulizwi imetoka mfuko gani. Baba anaweza kukulipia, mjomba anaweza kukulipia, rafiki anaweza kukulipia. Si ndio desturi?"

Chaga akasema ndio. Na mie nikasema ndio, kwa sababu ndivyo ilivyo. Kisha macho yetu yote yakageuka polepole kwa Mpingo, ambaye alikuwa hajachanja, na ambaye bega lake peke yake lingetosha kulipa mahari ya mitala.

Mpingo alimaliza kahawa yake. Akafuta mdomo. "Mshenga kazi yake kufikisha," alisema. "Nitafikisha."

Hema lilipopigwa akaenda peke yake, akachanjwa, akarudi kuchonga kinyago chake. Usiku homa ikamkamata. Mkewe, Sesilia, alitusimulia kuwa jitu lile lilitetemeka mpaka vinyago vikaanguka kwenye rafu, na kila akimuuliza unaumwa nini, anajibu ni mahari ya watu. Dada wa watu akalala anawaza mume wake ameoa wapi.

Asubuhi Chaga alikwenda kumjulia hali. Alimkuta amejifunika blanketi hadi puani, akakaa pembeni yake na kuuliza kwa upole, "Vipi, mahari yangu inaendeleaje?" Sesilia ndiye aliyemtoa nje, tena na mwiko.

Jioni Mpingo alikuwa mzima, tukaenda kwa Bi Raudha wote wanne. Chaga kavaa kanzu iliyopigwa pasi hadi ikawa na makali. Dokta Geti alibeba ubani. Mie nilibeba dele la kahawa, maana katika ugeni wowote usio na uhakika kahawa husaidia. Tukapiga hodi, tukaamkia, tukaketi kwenye mkeka. Hamisa alikuwa chumbani nyuma ya pazia, tukiona vidole vya miguu yake tu.

"Tumekuja na mzigo," Dokta Geti alisema kwa lafudhi ya mtu aliyejifunza posa njiani.

"Mkono mtupu haulambwi," Bi Raudha alisema. "Uleteni tuuone."

Mpingo akavua shati. Upande mmoja. Akageuza bega lake kuelekea taa, na pale juu palikuwa na kipande kidogo cha plasta. Bi Raudha alivaa miwani, akasogea, akaliangalia lile bega kwa muda mrefu zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akauliza mahari ya mwanawe inafanya nini kwenye mwili wa Albano.

Dokta Geti akatoa hoja yake yote: mjomba, mfuko, desturi, imefika imefika. Nilimwona Bi Raudha anatikisa kichwa kidogo kidogo, na kwa dakika moja nikadhani tumeshinda.

Pazia likafunguka. Hamisa akatoka, akakaa mbele ya Chaga, si mbele ya mwenye bega.

"Mume wangu wa kwanza alikufa kwa changamoto ya kupumua," alisema. "Ndivyo tulivyokuwa tunaita. Msibani watu walikuwa wanamung'unya maneno, hakuna aliyetaka kutaja ugonjwa. Nilimpepea na upande wa khanga usiku kucha, kama vile upepo wa khanga ungemwingia. Nikakaa eda. Mie eda nimeshaikaa, Hija, sina haja ya kuizoea. Sikutaka mahari nikaiweke kabatini. Nilitaka mtu atakayebaki."

Chaga alikuwa anaangalia mkeka. Nilimwonea huruma, na papo hapo nikatamani kumzaba kofi.

"Lakini," Hamisa akaendelea, na sasa sauti yake ilikuwa imepata pilipili, "kama kwenu mwakilishi anatosha, mie nani nipinge desturi. Mahari imelipwa na mwakilishi, nimeipokea. Na bibi harusi naye atakuja mwakilishi. Shangazi, chukua begi lako."

Bi Raudha hakusita hata kidogo. Aliinuka, akaenda ndani, akarudi na begi, jambo lililoonyesha kwamba nyuma ya lile pazia watu wawili walishakubaliana kabla hatujapiga hodi. Akasimama juu ya Chaga. Bi Raudha ana umri wa kumzaa Dokta Geti, na anakoroma. Hilo mtaa mzima unalijua.

"Nipo tayari," alisema. "Mie nalalia upande wa ukutani. Na mchana sipiki, mguu unanisumbua. Utapika wewe."

Chaga akamtazama Mpingo. Mpingo alikuwa anafunga vifungo vya shati. Akamtazama Dokta Geti, yeye akamwambia kwa huruma kubwa kwamba mahari ikishapokelewa hairudi, hata hospitali alikokuwa ndivyo walivyokuwa wanasema.

"Lile hema," Chaga akauliza, "bado lipo?"

Tulimkuta mhudumu wa mwisho, Sista Lusungu, anafunga boksi la baridi. Chaga alifika kanzu kaipandisha magotini, jasho linamtoka, nyuma yake sie watatu, nyuma yetu Hamisa, na nyuma ya Hamisa nusu ya mtaa, maana mzee akikimbia na kanzu Madale hakuna anayebaki nyumbani. Akaketi kwenye kiti cha plastiki, akakunja mkono wa kanzu. Sista akamuuliza kama ana maradhi yoyote au dawa anazotumia. Akajibu hana. Akamuuliza kama ana swali.

Chaga akatazama kushoto na kulia, akamwita karibu kwa kidole, akamnong'oneza. Kunong'oneza kwa fundi aliyezoea kelele za randa ya umeme ni kitu kingine. Hadi waliokuwa ng'ambo ya barabara walisikia.

Sista Lusungu hakucheka. Yule dada ana roho ya chuma. "Mzee wangu," alisema, "chanjo hii inaingiza tu, haichukui kitu. Ukifika nyumbani ukakuta kuna kitu hukioni, usitusingizie. Hakikupotelea kwenye hema letu."

Dokta Geti alijifanya anakohoa. Mpingo, ambaye katika miaka yote sijawahi kumwona akicheka, aligeuka upande wa pili na mabega yake yote mawili yakawa yanatikisika, moja kwa shida kidogo. Chaga alibaki amekaa, mkono nje, uso umemshuka.

Hamisa ndiye aliyesogea. Alimshika lile bega tupu, taratibu, mbele ya watu wote, kisha akamtazama Sista.

"We mchome tu, mwanangu," alisema. "Hilo lingine niachie mie, nitalikagua mwenyewe Ijumaa."