Nimempeleka Kanisani Bibi wa Watu

Jamani, leo nimeaibika. Kanisani. Siku ya Krismasi. Mbele ya ukoo ninakotarajia kuolewa!

Ngojeni niwasimulie haraka haraka, maana nimejificha nyuma ya jiko la ukweni nikijifanya natafuta mwiko.

Mchumba wangu Masatu mnamjua. Mjita wa Ukerewe, mpole, anapiga kinanda kanisani kwao hapa Buhongwa. Mwaka huu familia yake ikaamua sikukuu tule kwao, na mimi nionwe rasmi na Bibi Nyangeta, mama mzaa baba yake. Huyo bibi ndiye mwenye ndiyo na hapana. Baba mdogo wa Masatu aliwahi kumpelekea mchumba, Bibi akamtazama binti mara moja tu, akasema, "Mpe nauli arudi kwao." Yakaishia hapo.

Kwa hiyo mama yangu kule Kisesa alinifunda wiki nzima. "Kabula, ukimwona bibi wa watu, piga magoti pale pale. Usianze kutafuta pasafi."

Sasa asubuhi ya leo Masatu yuko na kwaya. Nani aende bandarini kumpokea Bibi kwenye meli? Mimi! Nimejitolea mwenyewe! (Kiherehere changu hakijaanza leo.) Masatu akanitumia picha iliyopigwa kwenye harusi ya mtu, Bibi yuko mbali kabisa, ukubwa wa punje ya mchele. Akaongeza, "Mfupi, kitenge cha bluu, mtandio mweupe, kikapu cha ukindu. Huwezi kumkosa."

Na kweli sikumkosa!

Meli ikafika, watu wakamiminika na machungwa yao, kuku wao, watoto wenye viatu vipya vinavyobana. Katikati ya msongamano namwona. Mfupi! Kitenge cha bluu! Mtandio mweupe! Kikapu! Nikapiga magoti na gauni langu jeupe, mahali ambapo mtu alikuwa amemwaga maji ya samaki.

"Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba, mjukuu wangu! Wewe ndiye uliyetumwa kunipokea?"

"Ndiye mimi, Bibi!"

"Tunakwenda Buhongwa?"

"Buhongwa hiyo hiyo!"

"Mungu akubariki. Haya, chukua kikapu."

Hapo ungetaka ushahidi gani tena? (Wewe unayesema ungemuuliza jina, nyamaza.)

Tukapanda bajaji. Nikajipanga kumfurahisha.

"Mtoto hajambo?" akaniuliza.

Nikaelewa ni Masatu. Si mnawajua bibi zetu, mjukuu hata awe na upara bado ni mtoto. "Hajambo sana, Bibi. Anakusubiri kwa hamu!"

"Na kula, anakula?"

"Anakula! Jana kamaliza sato mzima peke yake, na ugali."

Bibi akanigeukia. "Sato? Kwani meno ameota lini?"

Nilicheka mpaka dereva akatazama nyuma. Kumbe Bibi ana utani! Nami nisishindwe: "Meno yote yapo, Bibi, na siku hizi anafuga ndevu!"

Bibi akakivuta kikapu chake, akakikumbatia kwa mikono miwili. Mpaka tunapita Mkolani hakuniuliza neno lingine. Mimi moyoni: nimempata!

Tulipokaribia nikamwambia, "Bibi, tupite kanisani kwanza, ibada imeshaanza. Halafu ndiyo nyumbani kwenye pilau."

Akafikiri kidogo. "Haya, mama. Mwenyeji ndiye anayeijua njia."

Kanisa lilikuwa limejaa hadi nje. Tukapata nafasi nyuma ya nguzo, Masatu haonekani, kinanda chake tu ndicho kinachosikika. Watoto waliovaa mbawa za malaika wakapita, mmoja bawa limelegea linakanyagwa na wenzake. Bibi akatabasamu, akaushika mkono wangu, akauweka mapajani mwake.

Hapo jamani nililia kidogo. Bibi yangu mimi, mzaa mama, ndivyo alivyokuwa akinishika kila Krismasi, ili nisichezee nywele za mtu wa mbele. Tangu afariki hakuna aliyewahi kunishika mkono kanisani. Nikasema, Mungu wangu, leo umenirudishia bibi.

(Alinirudishia kweli. Ila wa mtu mwingine.)

Mchungaji akasema wageni wasimame. Nani alikuwa wa kwanza? Mimi! Nikamwinua Bibi taratibu, tukasogea njia ya katikati ili tuonekane vizuri. Nikatangaza kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari: "Bwana Yesu asifiwe! Huyu ni Bibi Nyangeta, bibi yake Masatu wetu. Ametoka Ukerewe kuja kula Krismasi na sisi!"

Vigelegele! Makofi! Mzee mmoja akasimama kabisa.

Masatu akainua shingo juu ya kinanda. Akanitazama. Akamtazama Bibi. Kinanda kikatoa mlio ambao haupo kwenye wimbo wowote. Akaanza kunitikisia kichwa, kwa nguvu, kulia na kushoto. Mimi nikamtikisia vilevile. (Nilidhani ni furaha!) Mama mkwe wangu mtarajiwa, kiti cha mbele, akageuka, akavaa miwani. Akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

Mchungaji tayari alishampa Bibi kipaza sauti. "Bibi, tusalimie."

Bibi akakipokea bila wasiwasi.

"Assalaam aleikum."

Mzee mmoja wa kwaya, sijui ilimtokaje, akaitikia, "Waaleikum salaam."

"Mimi ninaitwa Hadija," Bibi akaendelea. "Nimekuja kumwona kitukuu changu, mtoto wa Mwajuma. Mwajuma alisema atamtuma mtu anipokee, na binti huyu kanipokea kwa heshima sana, Mungu amlipe. Akasema tupite kwenye ibada yake kwanza, nikaona si vibaya. Sikukuu njema. Ila huyo Masatu mimi simjui. Na sijawahi kuzaa Mjita."

Natamani ningewaambia kwamba iliishia hapo.

Mlangoni akasimama bibi mfupi. Kitenge cha bluu. Mtandio mweupe. Kikapu mkono mmoja, jogoo kwapani. Kumbe jogoo alikata kamba melini, Bibi Nyangeta akabaki nyuma kumkimbiza, na alipotoka gati limebaki na mapaka tu. Akajitafutia bajaji mwenyewe.

"Masatu!" sauti ikajaa kanisa. "Yuko wapi huyo binti wa kunipokea?"

Kanisa zima likanigeukia mimi. Kanisa ZIMA. Na jogoo akawika. (Mtume Petro, leo nimekuelewa.)

Nikapiga magoti tena, pale pale, njia ya katikati. "Shikamoo, Bibi."

Hakuitikia. Alikuwa anamtazama mwenzake. "Hadija! Si nimekutafuta bandarini tuagane! Kumbe ulikuwa umeketi kwenye nafasi yangu?" Walikuja wamekaa kiti kimoja melini, wamegawana karanga! Wakaanza kucheka. Mchungaji akacheka. Ibada ikamalizika kwa shida.

Nje tukaikuta simu ya Bi Hadija chini kabisa ndani ya kikapu, imeita mpaka imechoka. Tukampigia Mwajuma, akaja na bodaboda, kumbe alishafika mpaka polisi. Nikamwomba radhi mpaka koo likakauka. Mtoto wake wa miezi mitano alikuwa mgongoni, nikamchungulia mdomoni. Fizi tupu!

Mama mkwe akasema hakuna kuondoka mtu, pilau ni nyingi. Kwa hiyo wako wote hapa, Mwajuma anakoroga chai, mtoto kalala kwenye kitanda cha Masatu.

Na hukumu? Bibi Nyangeta aliitoa mbele ya watu wote, jogoo bado kwapani: "Binti anayempigia magoti mtu asiyemjua na kumbebea kikapu, mimi nimkatae kwa lipi? Aolewe. Lakini kabla ya harusi, Masatu, mpeleke akapimwe macho."

NIMEPITA, jamani! Nimepita!

Ila naombeni msicheke. Hapo mkekani kuna mabibi wawili wanaocheka tangu mchana, wanatosha kwa Kanda ya Ziwa nzima.