Nimebonyeza Ndiyo

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Siku tukufu! Mama Kadidja, direktrisi, yaani mkuu wa redio yetu hapa Rumonge, ametangaza kwamba Ijumaa atamteua shefu wa tekniki, mkubwa wa mitambo yote. Ni mimi au Cubaka. Yaani ni mimi. Kompyuta ya redio imejaa hadi inakohoa, na atakayeinyoosha ndiye atakayekalia kile kiti kinachozunguka. Cubaka ameazima kitabu kinene, anakisoma na kalamu ya risasi mkononi. Maskini!

Nimempigia simu mama mkwe kule Muhuta, nikamwambia nimeshateuliwa. Si uongo hasa, ni kuwahi tu. Amepiga vigelegele. Ijumaa anakuja mwenyewe na kapu la ndagala, wale dagaa wa ziwani, kumpongeza shefu. Miaka yote hii ananiita "yule wa nyaya". Sasa lazima niwe shefu, nitake nisitake. Nataka!

Jumanne, 9 Septemba

Siri yangu ni IA, akili mnemba! Unafungua lile dirisha jeusi la kompyuta, unaiandikia kwa Kiswahili chako, nayo inaipa mashine amri. Ina tatizo moja, adabu imezidi. Kila amri inaomba ruhusa. Nifute hiki? Ndiyo. Nihamishe kile? Ndiyo. Kidole kimeniuma. Cubaka amepita na kitabu chake, akaniambia, "Soma kwanza, ndugu, iko inakuuliza kitu." Mwenye wivu ajinyonge!

Kufikia mchana kompyuta inapumua. Mama Kadidja amesema murakoze, asante kabisa, mbele ya watu wote. Mbele ya Cubaka! Nimekula samaki, mukeke wa kuchoma na ndizi, nikaagiza wa pili. Kisha nikajifungia studio, nikajirekodi nikifanya mazoezi ya hotuba ya Ijumaa. Nimemwiga hata Mama Kadidja, anavyovuta pumzi kabla ya kukunyima sukari ya chai. Nimecheka peke yangu mpaka machozi. Rekodi nimeiweka kwenye folda ya matangazo. Nani atachungulia huko?

Jumatano, 10 Septemba

Wazo kubwa kuliko yote! Kazi inayonichosha ni matangazo ya watu: harusi, misiba, mbuzi waliopotea. Unalirusha tangazo hewani, kisha unaliwekea alama kwamba limesomwa. Hiyo alama mimi huisahau. Haya, huwa siiweki kabisa. Sasa IA itarusha yenyewe! Nimeiagiza: chochote kisicho na alama, peleka hewani. Ikajibu maneno mengi. Nimesoma hadi "Kuna mengi ya zamani sana", nikabonyeza ndiyo. Ikauliza tena kama nina hakika. Ndiyo, jamani, ndiyo! Nimekwenda ziwani kuogelea. Shefu lazima apumzike.

Alhamisi, 11 Septemba

Balaa! Tangu alfajiri redio inatangaza harusi ya Karoli, fundi mitumbwi wa Gitaza. Karoli alioa miaka miwili iliyopita! Pilau yake niliila mimi mwenyewe. Watu wamefika kwake wamependeza, makreti ya Fanta kichwani. Mkewe akamuuliza bibi harusi wa safari hii ni nani. Karoli aliona aibu kuwarudisha wageni, akapika wali.

Nikatoka mbio kwenda redioni. Kufika sokoni, kila kibanda kikaanza kutoa sauti yangu! "Mimi Asmani, shefu mpya wa tekniki..." Halafu Mama Kadidja na sukari yake. Halafu ahadi yangu kwamba Cubaka nitamkabidhi ufagio. Soko zima likacheka. Nikajificha nyuma ya madumu ya mawese, muuzaji akanitoa kwa sababu naye alitaka kuniona vizuri.

Nimeiuliza IA kwa nini imenichongea. Ikajibu kwa upole kwamba iliniuliza mara mbili. Kisha ikauliza kama iendelee, maana bado yapo mengi. Hapana! Ndiyo hapana yangu ya kwanza wiki nzima.

Ijumaa, 12 Septemba

Cubaka. Kiti amepewa Cubaka! Mama Kadidja amesema ningefukuzwa, ila wasikilizaji wanapiga simu wakitaka ile ya sukari irudiwe. Nabaki kwa sharti moja: nimwandikie Karoli maneno ya kumwomba radhi, kwa mkono wangu mwenyewe, niyasome hewani kesho kutwa.

Kisha mama mkwe akaingia, kapu kichwani. Na Muhuta wanaisikia redio yetu vizuri sana. Nilitamani ziwa linimeze. Hakunikaripia. Aliuliza tu, "Shefu iko wapi?" Nikamwonyesha Cubaka, anazunguka taratibu kwenye kiti. Akampa kapu lote! Mimi akaniomba nimwigie ile ya sukari. Nikamwigia. Inauma, jamani. Cubaka amenigawia kiganja kimoja cha ndagala. Nimewala kwa hasira. Walikuwa watamu.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimeamka mchangamfu. Kuandika kwa mkono? Mkono wa nini? Cubaka amebadilisha neno la siri, lakini ameliandika kwenye karatasi chini ya kibodi. Shefu gani huyo! Nimeiambia IA itunge radhi, iisome kwa sauti nzuri, iirushe kesho yenyewe. Imeuliza kitu kirefu kinachoanza na "Angalizo". Nimebonyeza ndiyo.

Kisha nimempigia mama mkwe. Nimemwambia kiti cha Cubaka ni cha muda tu, Ijumaa ijayo mimi nateuliwa direkta. Akacheka mpaka simu ikakatika. Furaha ya mama! Nimemtumia ujumbe kwamba safari hii alete makapu mawili.