Ubatizo wa Molnupiravir

Wakaaji wote wa Goma, wanaokohoa na wasiokohoa, walitangaziwa redioni habari njema: Korona haikuwa hatari tena, na Tume ya Majina ya Dawa ilikuwa imeanza kazi.

Directeur Nzabonimpa, mkuu wa depo ya dawa ya mji, aliiunda mwenyewe. Alikuwa amesoma kwamba molnupiravir, vidonge vya Korona vilivyofika depo majuzi, vilipewa jina kutokana na nyundo ya Thor, mungu wa radi wa Wazungu wa kale. Nywele zilimsimama. Mji wa Wakristo umeze nyundo ya mpagani? Alifunga depo kwa kufuli, akaamuru dawa ibatizwe kwanza: itafutiwe jina jipya, parrain, yaani baba wa ubatizo, mwenye heshima, na Fanta za kutosha.

Léocadie, muuguzi wa wodi ya wazazi huko Keshero, alikuja mbio. Mama yake alikuwa kitandani akitafuta pumzi, na dawa hiyo ikichelewa haina maana.

“Papa Directeur, mama yangu anaenda kufa. Fungula depo!”

“Mama, tuko naheshimu procédure. Parrain hajapatikana.”

“Kwa maternité, mutoto akiwa karibu kufa, hatungojaka padri. Mukristo yeyote anamumwangia maji, anabatizwa. Mimi mwenyewe nilishabatiza wengi.”

Tume ilijadili. Hoja ilikuwa na mashiko, ila ubatizo wa haraka unadai hatari ya kufa, na redio ilishasema hatari haipo. Nzabonimpa alimpa Léocadie pole ya dhati, kisha akakohoa. Akakohoa tena hadi miwani ikaanguka. Wajumbe waliendelea kumshauri, sasa wakiwa mlangoni.

“Batiza!” alisema kwa sauti iliyokauka.

“Hatari iko wapi, Papa?” Léocadie aliuliza, chupa ya maji mkononi.

“Iko hapa! Niko nakufa!”

“Andika.”

Aliandika kwamba anakufa, akatia sahihi, akapiga muhuri, akatoa ufunguo. Léocadie alinyunyizia katoni zote maji, akamwachia mkubwa dozi yake, akapanda pikipiki. Mama yake alimeza jioni ileile, na wiki iliyofuata alikuwa anagombana na majirani kama zamani.

Nzabonimpa naye alipona. Aliporudi ofisini alimkuta naibu wake, Buhendwa, amejaa kwenye kiti chake.

“Muzee, karibu!” Buhendwa aliinuka nusu, kwa heshima. “Lakini ulisinya kama uko nakufa, na muhuri iko. Ikala kwa banc. Kuko tume inachunguza kama ulipona kwa njia halali.”

Nzabonimpa aliketi kwenye benchi la wageni, akauliza tume kama hiyo huchukua muda gani. Hakuna aliyejua. Katika tume zote alizounda yeye, hakuna hata moja iliyowahi kumaliza.