Skrubu ya Faustin na Viazi vya Iyunga

Enyi watu wa Mwanjelwa, mlio dukani na mlio njiani, na ninyi wa Iringa mnaodhani mashujaa wote walizaliwa kwenu, tueni mizigo yenu mnisikilize! Nasimulia habari za Faustin mwana wa Budeba, mwenye mabega mapana, mwana wa wafugaji wa Usangu, karani wa ghala la pareto, na jinsi alivyokwenda kuchagua fimbo ya gofu mwaka ule wa sabini na tatu. Mimi Sedekia, mkata nyasi wa kiwanja cha Iyunga, niliyaona yote kwa macho yangu mawili, na anayebisha aje tubishane.

Kiwanja chetu kilikuwa na mashimo sita na mbuzi wasiohesabika. Kuume kwa njia ya shimo la kwanza, ng'ambo ya mfereji, lilitanda shamba la viazi la Mama Leokadia, himaya isiyoingilika, na mama huyo ndiye aliyemzaa Mbuke, mchumba wa shujaa wetu. Jumamosi saba Faustin alipiga mpira wa kwanza kwa fimbo ya kuazima, na Jumamosi saba mpira uliondoka vizuri, ukaghairi angani, ukapinda kulia, ukatua katika viazi. Kuufuata hakuthubutu, kwa kuwa kwa watu wa kwao mwanamume hamsogelei mama mkwe wala hasemi naye ana kwa ana. Jumamosi ile ya saba mpira ulipasua chungu cha mboga.

Ndipo Leokadia aliposimama mpakani, akalikazia macho jembe lake kama adabu inavyotaka, akanguruma.

"Wewe jembe! Kamwambie yule mtu kwamba nimenyamaza mpaka nimechoka. Viazi vyangu vimekosa nini? Chungu changu kimekosa nini? Ukianguka hapa mwingine, hata mmoja, Mbuke haolewi huko. Akaoe hiyo fimbo!"

Faustin akaitazama fimbo mkononi, akajibu kwa unyonge, "Fimbo, mwambie mama nimesikia."

Alimpenda Mbuke kweli, jamani, na mimi roho iliniuma. Lakini kuacha mchezo nako hakukuwezekana, kwa maana Jumamosi iliyofuata walikuwa wanakuja wachezaji wa Iringa, na jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha.

Alhamisi, saa kumi jioni, akalifunga ghala, akapanda baiskeli yake, mimi nikiwa nimekalia keria, tukaivamia Mwanjelwa. Tuliteremka mbele ya duka la Vinubhai, ngome ya mafuta ya taa na mablanketi. Ndani ya pipa, kati ya miavuli, zilisimama fimbo tatu. Ya kwanza ilikuwa fupi, ya pili imeliwa na mchwa. Ya tatu, loo! Kichwa chake cha mti mweusi kiling'aa, na shingoni ilikuwa na skrubu nene ya shaba. Ilitengenezwa na fundi mitambo mmoja wa machimbo ya Makongolosi, akaiacha alipohama. Ukiilegeza skrubu, kichwa kinageuka, na kuna nukta tatu za kukisimamisha: kitazame nje, mbele, au ndani.

Faustin akaichagua kama kwao wanavyochagua fimbo ya kuchungia. Akaisimamisha kando ya paja apime urefu, akaigonga kwa kidole asikilize mti, akaikunja kidogo, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Ndugu Faustin!" Vinubhai akahutubia, mkono kifuani. "Fimbo namna hii Mbeya yote hakuna, Iringa yote hakuna! Weka nukta ya kati, funga kabisa, mpira unakwenda mpaka Tunduma!"

"Ya kati ndiyo yangu," shujaa akanena. "Fimbo ya mwanamume hutazama mbele."

Mara akatokea Kumud, mke wa Vinubhai, ungo wa mchele mikononi, mwanamke mwenye jicho lisilodanganywa. "Kwanza piga, nione."

Faustin akapiga hewa. Vikombe vya bati vilivyoning'inia vikaporomoka vyote kwa kishindo, Vinubhai akapiga yowe, nami nikajitupa nyuma ya gunia la chumvi. Kumud hakuvitazama vikombe. Alikuwa anatazama kiganja cha Faustin.

"Wewe umechunga ng'ombe?"

"Tangu nina miaka sita, mama."

"Ndiyo maana. Unapiga kwa nguvu, halafu mwisho mkono unaurudisha. Unamhurumia ng'ombe."

Ilikuwa kweli tupu: baba yake Faustin alimfundisha kumharakisha ng'ombe bila kumvunja ubavu, na mkono haukuwahi kusahau. Huruma ile ndiyo iliyokuwa ikiupeleka kila mpira kwenye viazi.

"Baba yangu kule Iringa alikuwa anatengeneza fimbo hizi," Kumud akaendelea. "Hazipimwi kwa paja. Unaangalia mkono unamalizaje. Wako unamaliza ukiwa wazi, basi kichwa tukigeuze ndani."

"Mama Kumud, nibebe fimbo inayotazama kando? Mbele ya watu wa Iringa? Watasema nimeuziwa kilema! Afadhali niubadili mkono."

"Mkono huo una miaka ishirini na ng'ombe. Jumamosi ni keshokutwa. Skrubu ni nusu mzunguko tu."

Faustin akatoa senti tano mfukoni, akaiingiza katika mfuo wa skrubu, akageuza, na kichwa kikatazama ndani.

Jumamosi ikafika. Majeshi ya Iringa yalipanga mstari, yakaiona fimbo, yakacheka waziwazi. Ng'ambo ya mfereji Leokadia alisimama katikati ya matuta, beseni kichwani kama kofia ya chuma, jembe mkononi. Faustin akainua fimbo. Akapiga, na mwishoni, kama kawaida yake, akamhurumia ng'ombe.

Mpira ukapaa, ukafika pale ulipozoea kughairi, na safari hii haukughairi. Ukanyooka, ukapita kushoto kabisa kwa mfereji na viazi, ukaanguka kwenye nyasi nilizozikata mwenyewe, ukamshtua mbuzi mmoja. Hatua mia moja na arobaini, nilizipima. Watu wa Iringa wakaacha kucheka.

Basi na ikumbukwe Mbeya hata Iringa, wajukuu wasimuliwe, kwamba siku ile hakuna kiazi hata kimoja kilichodhurika! Leokadia akavua beseni, akaliweka mpakani, akatia ndani mipira aliyoifunga katika khanga, akatupa mgongo ili Faustin apate kusogea.

"Jembe," akasema, na sauti yake ilikuwa imelainika, "mwambie mkwe wangu mipira sita hii hapa. Wa saba ameulalia kuku, na kuku wangu hasumbuliwi. Ng'ombe wa mahari awalete baada ya mavuno. Na hiyo skrubu asiiguse tena."