Mkaguzi Niliyemleta Mwenyewe

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Nafasi ya mwalimu mkuu msaidizi imetangazwa! Ni yangu. Nani mwengine, Mwalimu Intisar? Anaandika andalio la somo kila siku, na mkaguzi hajatia mguu hapa Ole huu mwaka wa sita. Anamwandikia nani? Langu la mwisho ni la siku ile ya mkaguzi. Lingali safi.

Balaa moja tu. Mwalimu mkuu, Bi Fakhriya, anataka kila muombaji alete ripoti ya ukaguzi. Itoke wapi?

Jumanne, 5 Agosti
Nimepata! Shemeji yangu Suhail, muuza samaki wa Kisiwa Panza. Ana miwani, ana kitambi, na huku hajulikani. Nimemwambia akae nyuma ya darasa, aitikie kwa kichwa, aandike "bora sana", aende zake. Akasema wallahi anaogopa, hajui kitu. Nikamwambia mkaguzi hahitaji kujua kitu. Anahitaji faili.

Alhamisi, 7 Agosti
Msiba! Darasa la Tano, nusu jumlisha robo. Nikajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini: mbili ya sita. Ndivyo ninavyofundisha miaka yote, hajalalamika mtu.

Suhail akasimama! Akauliza pishi ya karafuu ina vibaba vingapi. Darasa zima: vinne! Nusu pishi? Viwili! Ukiongeza robo? Mize, ambaye tangu Januari hajafungua mdomo, akasema vibaba vitatu, yaani robo tatu. Kisha akauliza mbona Mwalimu kaongeza karafuu zikapungua hata ile nusu ya mwanzo.

Walicheka! Niliona haya. Nikamkonyeza Suhail, wapi! Alifundisha mpaka kengele, akaenda kukagua na darasa la Intisar, akamwandikia Bi Fakhriya ripoti kurasa mbili. Za kweli! Nilipomlaumu njiani akasema watoto wamemtia huruma. Na mimi je? Shemeji gani huyu?

Jumatatu, 11 Agosti
Nafasi kapewa Intisar. Kazi yake ya kwanza: kukaa nyuma ya darasa langu na daftari.

Bi Fakhriya anasema ukaguzi mmoja tu na shule imeamka. Anataka mwengine mwezi ujao, na kaniomba mimi nifuatilie, maana nilionekana nikizungumza na mkaguzi.

Kosa langu nimeshalijua. Nilimchukua mtu anayepima samaki kila siku. Safari hii namleta binamu yangu Ahmada. Hesabu hajui hata kidogo.