Ploti Bure kwa Kidato cha Pili

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimewasomea Kidato cha Pili hadithi fupi ya Kiingereza. Kurasa nne tu! Kumi na mmoja wamesinzia. Wa kumi na mbili amekoroma. Na Mkuu wa shule akapita dirishani wakati huohuo. Kaniita ofisini. Kasema Alhamisi atakaa darasani mwenyewe, na akikuta mtu amelala, darasa anampa Kamusi, mimi naenda kulinda stoo ya vitabu. Kamusi ni mwalimu mwenzangu wa Kiingereza. Hatembei bila kamusi kwapani, hata msalani. Darasa langu! Nawapenda wale watoto, hata wakikoroma.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata dawa. Nitaikata hadithi vipande, kila mwanafunzi apewe karatasi zake ajenge msuko mwenyewe. Msuko kwa Kiingereza ni ploti. Nimebandika tangazo langoni: ALHAMISI SAA NNE, PLOTI BURE KWA KILA MWANAFUNZI WA KIDATO CHA PILI. NJOO UJENGE! Kamusi kalisoma mara mbili, kaniuliza kama nina hakika na neno hilo. Wivu tu.

Jumatano, 5 Machi

Moto umewaka! Msichana mmoja kaniuliza kama ploti yake inaweza kuwa jirani na ya binamu yake. Mwingine kauliza kama maji yapo. Nimemjibu yote yako kichwani mwake. Hakuonekana kuridhika. Mke wangu anashangaa wazazi wanagombania kumbebea kapu sokoni. Nimemwambia azoee.

Alhamisi, 6 Machi

Wazazi! Zaidi ya thelathini! Bibi mmoja kaja na fundi mwashi, na fundi kaja na futi ya kupimia. Wakauliza hati za viwanja ziko wapi. Mkuu kaketi nyuma, kanuna. Nilitamani ardhi inimeze, ila ardhi yenyewe ndiyo niliyokuwa nadaiwa. Nikaeleza ploti ni nini, huku jasho likinitoka. Kelele! Bibi ndiye aliyewanyamazisha. Kasema hakutembea kote huko bure, basi asomewe hiyo ploti ya karatasi. Nikasoma. Wazazi hawakuambulia neno. Mjukuu wake, yule mkoromaji, akaanza kumtafsiria. Punde kila mtoto anamtafsiria mkubwa wake, wanasahihishana, wanabishana kama mwizi wa kwenye hadithi ni mwoga au ana haya. Mwishoni bibi kataka mwizi afungwe, fundi kamtetea hadi sauti ikamkauka. Hakulala mtu. Nilikaribia kulia kwa furaha.

Ijumaa, 7 Machi

Darasa limebaki langu! Mkuu katoa sharti moja: nisibandike tangazo lingine langoni. Kamusi kanipa mkono. Kasema kilichowaamsha watoto ni kule kutafsiri, kwa hiyo niwatafutie tena watu wa kuwatafsiria. Maskini, haoni mbali. Kilichofanya kazi ni tangazo!

Jumatatu tunasoma mgogoro katika hadithi. Langoni sijabandika kitu, mimi ni mtu wa kutii. Nimewatumia wazazi ujumbe wa simu tu: “Mwanao ana mgogoro mkubwa darasani. Fika Jumatatu saa nne bila kukosa.”

Bibi keshajibu. Anakuja na wajomba wanne. Hamu hiyo!