Kigingi Kilichohama Mchana

Jumatatu, tarehe 3 Juni
Wapimaji wamekuja. Mfereji unapanuliwa na kuchimbwa chini zaidi, zipite meli kubwa kuliko hizi. Mimi nimefunga kamba za meli hapa ukingoni miaka arobaini. Hata herufi nimejifunzia kwenye ubavu wa meli, shule niliiona kwa nje tu. Na hakuna aliyeniuliza kitu! Wamepigilia vigingi vyekundu. Cha kwetu kiko nyuma ya choo, maana yake nyumba iko upande wa maji. Itavunjwa, tupewe nyingine kule mlimani. Mke wangu kapiga vigelegele peke yake. Kule bomba liko ndani. Miaka thelathini anabeba ndoo, magoti yanalia kama bawaba, anataka afungue maji kwa vidole viwili kabla hajafa. Nikamwambia kule hakuna meli. Akasema ndiyo maana anataka kwenda.

Jumatano, tarehe 5
Shemeji, kaka yake mke wangu, kahamia kule mlimani leo. Kwake walipigilia mwezi uliopita. Namwita Kobe, hata kupiga chafya anachelewa. Kafunga kitanda kwenye mkokoteni bila kunung'unika. Nikamuuliza, mwanamume mzima unafukuzwa na vijiti? Akasema, kobe angalau ana nyumba ya kubeba, wewe utabeba domo. Nilikuwa na jibu zuri sana. Mkokoteni ulishakata kona.

Ijumaa, tarehe 7
Akili ni nywele, na upara huu usikudanganye! Wapimaji walipokwenda kula mchana, nikachukua jembe. Kigingi nikaking'oa, nikakipanda mbele, kati ya mlango wetu na maji. Kimekaa kama kilizaliwa pale. Sasa nyumba iko nchi kavu, na hizo meli kubwa zitanipigia honi nikiwa barazani. Zamani niliwahi kuvuta meli kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kikombe, chai isimwagike. Leo nimevuta mfereji!
Mke wangu sijamwambia. Atashukuru baadaye.

Jumatatu, tarehe 10
Karani kaja na orodha. Anafuata kigingi hadi kigingi. Nyumba ya upande wa maji anaiandika, ya nchi kavu anaipita. Yetu kaipita. Mke wangu alikuwa na gauni lake la kutokea, kashika vitambulisho vyetu vyote viwili. Akamwita, baba, mbona umetusahau? Karani akasema, mama, mshukuru Mungu, nyinyi mmesalimika. Mke wangu akabaki mlangoni mpaka karani akapotea. Nikamtania avue gauni, litachoka bure. Kavua, kachukua ndoo, kaenda kuchota. Nilitaka kumpokea ndoo moja. Sikumpokea.

Jumatano, tarehe 19
Mashine ya kuchimba imefika. Inaelea, inanguruma, inanyonya matope kwa bomba linalotosha kummeza ng'ombe. Ikakipita kigingi changu kama haikioni! Nikakimbia ukingoni, nikapiga kelele, jamani, mpaka uko hapa! Msimamizi akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Eti babu, sisi hatuchimbi kwa vijiti, mpaka umo kwenye kompyuta tangu mwaka jana. Vijiti ni vya karani, ajue nani wa kupewa nyumba.
Nikakaa chini palepale, kwenye matope.

Alhamisi, tarehe 20
Saa nne asubuhi jiko limeondoka na ukingo. Sufuria ziko majini. Tumeambiwa tutoke kabla ukuta haujafuata. Nimekwenda kwa karani. Orodha imefungwa, nyumba zimegawiwa zote. Nilitaka kumwambia ukweli, nikaishia kumuuliza saa.
Mke wangu alishaona shimo nyuma ya choo, na jembe lina rangi nyekundu. Akasema tu, mzee, ungeniambia hutaki kuhama, ningebaki na wewe.
Afadhali angenipiga. Maneno yote niliyomwaga maisha haya, na hilo moja sikulisema.

Jumapili, tarehe 23
Tuko kwa Kobe. Mke wangu analala na wifi yake, mimi sebuleni, kwenye godoro lililobonyea katikati. Kobe hajanicheka hata mara moja. Kanipa mto wake. Hapo ndipo panapouma. Asubuhi nilimwona mke wangu kwenye bomba. Anafungua kidogo, anakinga, anafunga haraka, kama mgeni anayeogopa kumaliza sukari ya wenyewe.
Nimejuta. Naandika kwa herufi kubwa: NIMEJUTA. Ujanja basi.

Jumatatu, tarehe 24
Kobe kawapeleka wanawake sokoni. Hodi mlangoni. Karani mwingine, simjui, hanijui. Kaja kuhakikisha wenye nyumba wamo ndani, aandike hati ya nyumba. Akauliza, mwenye nyumba ni nani?
Nikakumbuka bomba. Nikakohoa. Nikamwambia, karibu, mwanangu, keti, umempata mwenyewe.
Nimetia sahihi, hati ina jina langu! Kobe nitamweleza taratibu, ana moyo mpana yule. Mke wangu akirudi nitamwambia afungue maji mpaka mwisho.